Mzee Taratibu na Msumeno wa Silinda Mbili

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kukata miti katika idara yetu, Mzee Taratibu anastaafu. Jina lake kamili litasomwa wakati wa kukabidhiwa cheti, na sisi wa karakana bila shaka tutageuka kuangalia ni nani anayeitwa. Kwetu ni Mzee Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza alilotamka kila alipofika chini ya mti. Aliwaambia vijana wake, akawaambia wapita njia, na kama hakukuwa na mtu aliuambia mti.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye fundi niliyemtengenezea misumeno kwa muda mrefu kuliko mwingine yeyote. Wanaotufahamu watacheka, maana wanajua tulivyozozana kuhusu msumeno mmoja tu, yeye akiutetea na mimi nikiutia kasoro. Basi leo nina nafasi ya kusema bila kukatizwa, naye atanyamaza kwa sababu ni mgeni rasmi.

Alianza kazi kwa kukusanya matawi yaliyokatwa na wenzake. Baadaye akapanda juu kwa kamba, na mwishowe akapewa msumeno wa mnyororo, ambao hakuuachia tena. Mti ukiegemea paa la mtu, aliitwa yeye. Watu wa shule iliyo nyuma ya ofisi zetu bado wanasimulia ule mti uliokuwa umelalia madarasa: aliuzunguka asubuhi nzima, akipima kwa macho, akichuchumaa, akisimama, mpaka mwalimu mkuu akaanza kujiuliza kama ameletewa mkataji au mpiga picha. Ulipoanguka, ulijilaza kati ya darasa na tangi la maji bila kugusa hata mfereji wa paa. Yeye alikuwa tayari anauliza chai iko wapi.

Kwa miaka mingi alitumia misumeno ya kawaida, yenye silinda moja. Ni mashine nzuri, sisemi kitu. Ila ndani yake pistoni moja inakwenda na kurudi kwa kasi kubwa, na kila inapogeuza mwendo inaukurupusha mwili mzima wa mashine. Mtikisiko huo hauna pa kwenda isipokuwa viganjani mwa aliyeishika. Misumeno ya zamani haikuwa na springi wala mpira wa maana wa kuuzuia. Ukiitumia siku moja mikono inawasha. Ukiitumia nusu ya umri wako, mambo huwa mengine.

Vidole vyake vilianza kubadilika rangi asubuhi za baridi. Vilikuwa vyeupe kwenye ncha, vimekufa ganzi. Alisingizia hali ya hewa, kisha akasingizia glavu, na nadhani angeendelea kutafuta visingizio mpaka leo kama si wifi yangu, yaani mkewe. Jioni moja mama huyo alimwona ameshika sufuria iliyotoka motoni, anaihamisha mezani kwa mikono mitupu huku akisimulia habari za kazini. Kiganja kilikuwa kimebabuka na mwenyewe hana habari. Kesho yake wifi alimpeleka zahanati kama anavyopelekwa mtoto, akakaa naye ndani mpaka daktari akamaliza.

Daktari hakuzunguka. Mishipa ya vidole ilikuwa imechoshwa na mtikisiko, na kilichokwisha kuharibika kisingerudi. Akiendelea na misumeno ile atapoteza hisia zote za mikono, aiache kabisa. Mkuu wetu wa wakati ule, ambaye alimpenda, akamtafutia kazi ya kukaa getini. Mshahara uleule na kiti chenye mto. Mzee Taratibu alishukuru, akatoka nje, akaja kusimama mlangoni pa karakana yangu. Aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Dada fundi, getini nitakaa. Lakini nitakuwa nakaa tu."

Na hapo ndipo Pacha anapoingia.

Huyo mkuu alikuwa amewahi kwenda kwenye maonyesho ya mashine akarudi na misumeno miwili ya ajabu, yenye silinda mbili kila mmoja. Alituonyesha akiwa na furaha ya bwana harusi. Wakataji waliinyanyua mmoja mmoja, wakaguna, wakaiweka chini. Ilikuwa mizito, imevimba tumbo, na ilikunywa mafuta kama iliyotoka jangwani. Mmoja ulikufa mapema ukatupwa chini ya meza yangu. Wa pili tuliuita Pacha, ukabaki kwenye rafu ukila vumbi.

Mzee Taratibu aliukumbuka. Aliomba jambo moja tu: ajaribu kufanya kazi na Pacha, na daktari ampime baada ya kila miezi michache. Vidole vikizidi kuharibika, ataenda getini mwenyewe bila kusukumwa. Mkuu akakubali, daktari naye akakubali kwa shingo upande.

Sasa niseme ukweli wa kiufundi, kwa sababu ugomvi wetu ulianzia hapa. Ndani ya Pacha silinda mbili zinapeana mgongo, moja imeelekea mbele na nyingine nyuma. Pistoni zinatoka pamoja na kurudi pamoja. Ya mbele inapovuta kwenda mbele, ya nyuma inavuta kwenda nyuma, zinamalizana hukohuko ndani, na kinachofika mikononi ni kidogo sana. Uliweza kuuwasha ukauweka juu ya gogo na usihame mahali pake, wakati misumeno mingine ingekuwa imeshatembea mpaka chini. Kwa hilo sina ubishi, aliyeubuni alikuwa na akili na pengine alikuwa na huruma pia.

Ila huruma yake haikumfikia fundi. Silinda mbili ni plagi mbili, pete za pistoni mara mbili na uvujaji mara mbili. Upepo wa feni unaipoza vizuri silinda ya mbele, halafu ya nyuma inapata masazo, kwa hiyo ya nyuma ndiyo huungua siku zote. Na baya kuliko yote, silinda moja ikizimika nyingine inaendelea kufanya kazi kwa unyonge bila kumwambia mtu. Mashine inalia, mnyororo unakwenda, ila haikati.

Kosa la kwanza la kikosi chake lilitokana na hilo. Pacha alipozembea kazini waliamini mnyororo umekuwa butu. Wakaunoa. Akazembea tena, wakaunoa tena, mpaka waliponiletea, meno yalikuwa yamebaki kama ya bibi yangu, na silinda ya nyuma ilikuwa baridi kabisa tangu asubuhi. Toka siku ile Mzee Taratibu alianzisha utaratibu wake. Kabla ya kuulaumu mnyororo, alichovya kidole kwenye maji akadondosha tone kwenye kila silinda. Tone lililochemka lilikuwa upande wa mzima. Lililokaa kimya lilionyesha mgonjwa. Vijana wote waliopita mikononi mwake wanafanya hivyo, hata wale wanaotumia misumeno ya silinda moja, ambao sijui huwa wanatafuta nini.

Miaka ikaenda, na vipimo vya daktari vikawa havibadiliki. Vidole havikupona lakini havikuzidi. Mgongo ndio ulioanza kulalamika, maana Pacha ni mzito na mzee hakuwa akipungua umri. Nilimtania kwamba ameokoa vidole kwa kuuza kiuno. Akanijibu kwamba kiuno hakishiki msumeno.

Kisha Pacha akanoki, injini ikakwama kabisa. Silinda ya nyuma, kama kawaida, safari hii ikiwa imekwaruzika vibaya ndani. Waliotengeneza mashine hizo walishaacha, na spea hazikupatikana popote. Kiti cha getini kilikuwa bado kipo. Mzee Taratibu hakuniomba kitu. Alikuja kila siku wakati wa chakula, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniangalia nikipekua, akaondoka. Nilitamani anisumbue, ingekuwa nafuu.

Nikauvuta ule msumeno wa pili uliokufa chini ya meza. Nao ulikuwa umeungua silinda ya nyuma, lakini ya mbele ilikuwa safi. Nikaifungua, nikaifunga nyuma ya Pacha. Ikakaa vizuri, na tukafurahi wote kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka jambo dogo: silinda ya mbele imetengenezwa itoe moshi kwenda mbele. Ukiigeuza ukaifunga nyuma, unakwenda kwa mwenye msumeno. Mzee Taratibu alivuta kamba, Pacha akawaka kwa mlio mtamu, na moshi wote ukampuliza tumboni mpaka shati likajaa kama tanga. Akauzima. Alikohoa, akajifuta macho, akasema, "Sasa unanichukia waziwazi." Karakana nzima iliketi chini kwa kicheko. Nikakunja bomba la chuma, nikalichomelea, moshi ukageuzwa kando. Lilikuwa na sura mbaya na bado lina sura mbaya. Amefanya nalo kazi hadi wiki iliyopita.

Nimeandika mengi juu ya mashine, lakini alichotuachia si mashine. Kwa sababu ya mikono yake, idara yetu sasa inawapima vidole wakataji wote kila mwaka, na hakuna anayeruhusiwa kushika msumeno kutwa nzima bila kupokezana. Alilipigania hilo kwenye vikao, yeye asiyependa vikao, akinyanyua mikono yake juu ili kila mtu aione. Kikosi chake hakina kijana hata mmoja mwenye vidole vyeupe.

Ubishi wetu uliamuliwa wiki iliyopita. Ilifika misumeno mipya ya silinda moja, myepesi, yenye springi na mipira inayotenganisha mpini na injini. Ina utulivu karibu sawa na Pacha, bila tumbo na bila plagi ya pili. Nilimpa Mzee Taratibu wa kwanza aujaribu, na nakiri nilikuwa nimejiandaa kumcheka. Alikata gogo moja, polepole, mpaka mwisho. Akauzima, akavua glavu, akakunja na kukunjua vidole vyake huku akiviangalia. Nikamuuliza anaonaje, nani kashinda.

Alisema, "Huu ungekuja mapema, dada." Kisha akaniwekea msumeno mkononi na kwenda kunawa.

Siku ile aliniacha na msumeno mkononi, basi namjibu hapa. Ungekuja mapema, kaka, ungekukuta na vidole vyako vyote. Umekuja sasa, umewakuta vijana na vya kwao. Asante kwa kila mti ulioulaza mahali pake, na kwa mikono uliyoinyanyua mbele yetu wakati ambapo wengine wangeificha mifukoni. Nenda nyumbani ukakae na wifi, ukae kwa raha na si kukaa tu. Maisha yako ya mbele yawe mema, marefu na yenye afya. Na sufuria ikitoka motoni, tafadhali, mwachie yeye aishike.