Vidonge vya Pembe ya Kikwembe

Ndugu zangu, wapapa na wamama, Bwana amenisimamisha tena mbele yenu hapa kanisani, na ninamushukuru. Lakini sitawaficha: nimesimama na kasirani. Munivumilie.

Miye, mwili wangu unakataa penisilini. Muuguzi wa hospitali njo aliniambia, siku nilichomwa sindano nikavimba midomo. Alinikalisha, akasema: «Mama, kila pahali unaenda kutibiwa, sema hiyo neno kwanza. Na dawa usiyojua jina lake, usimeze.» Nikafika nyumbani, nikaeleza. Wakacheka! Eti mwili nao unachagua dawa?

Munajua desturi yetu. Muntu akigonjwa tunaenda kumuona, na kuingia mikono mitupu ni haya. Mumoja analeta mikate, mwingine analeta vidonge vilivyobaki kwake, havina karatasi, havina jina. Ukikataa? Jamani! Kesho mutaa wote unasema umemuita mwenzako mulozi, yaani muchawi.

Basi nikashikwa na kikohozi na homa. Mama mukwe akatoka kwake Nyemba kuja kuniuguza. Akafungua fundo kwa pembe ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga, akanipa vidonge vyeupe. Nikamuuliza: «Mama, hii dawa inaitwaje?» Mawifi walionizunguka wakanigeuzia macho. Kisha mama mukwe akasema na sauti ya kulia: «Kumbe unaniogopa. Unazani nakuletea sumu.»

Ndugu zangu, nawaambia, nilimeza. Si kwa kutafuta kupona. Nilimeza kwa kuogopa macho ya watu.

Haikukawia, ulimi ukajaa kinywa, pumzi ikakataa. Bwana yangu akanipakiza kwa pikipiki, mama mukwe akatufuata mbio bila viatu. Muuguzi yule yule njo aliniokoa. Kumbe vile vidonge vilikuwa vya jamii ya penisilini.

Nilipofungua macho, nilingojea muuguzi awatukane watu wa kwetu. Hakutukana. Aliwakusanya kwa kitanda changu, akashika kile kikwembe, akauliza mama mukwe: «Mama, nikifunga humu chumvi na sukari, macho yako yatatenganisha?»

«Hapana.»

«Basi kuuliza jina la dawa si kumuita muntu mulozi. Ni kuonja mbele ya kutia ndani ya chungu.»

Akawafundisha: dawa ikae ndani ya karatasi yake, ya mugonjwa mumoja isipewe mwingine, na muntu akivimba ao akikosa pumzi, ni kukimbia hospitali, si kungojea.

Lakini nani anasikia? Nimeeleza mpaka nimechoka. Juzi, hapa hapa kwa mazoezi ya kwaya, nilikohoa kidogo tu. Mumoja wetu, sitamutaja, tayari anafungua leso yenye vidonge! Nilitaka kulia. Mbele ya miye kujibu, mama mukwe alikuwa amemushika mukono.

«Inaitwaje?»

Mwenzetu akanuna. Mama akamwambia: «Hata miye nilileta na mapendo. Karibu nimuzike na mapendo yangu.»

Kwa hiyo ninamushukuru muuguzi yule. Asante na wewe, bwana yangu, uliyenipakiza kwa pikipiki. Na wewe mama, uliyekaa pale kwa dirisha, aksanti sana. Usiiname, uliniletea kifo bila kujua, na leo njo unanichunga.

Na ninyi wote, nikigonjwa tena, mukuje. Mukiulizwa jina la dawa, musinune. Na kama munaona haya ya mikono mitupu, muniletee ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa. Hiyo ninajua inaitwaje.