Imekauka, Bado Haijaiva: Miaka Thelathini na Mmoja ya Bi Msasa Bwawani

Tarehe 30 Juni, saa tisa alasiri, Bi Msasa atakabidhi funguo za stoo ya rangi na kustaafu, baada ya kulitumikia bwawa letu la kuogelea kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Katika muda huo amefanya kazi chini ya mameneja saba, amelipaka bwawa rangi mara kumi na tatu, na amemaliza, kwa makadirio yake mwenyewe, brashi zisizopungua mia nne. Amepata barua moja tu ya onyo. Programu za sherehe kwa kawaida hazitaji barua za onyo. Hii itaitaja, na mtanivumilia, kwa sababu barua ile haikustahili kuwa yake.

Mimi ni fundi wa pampu. Karani wa mapokezi aliponikabidhi kazi hii aliniambia niandike mambo ya kufurahisha, yasizidi kurasa mbili, na nisilete hotuba. Ya kufurahisha yapo, na nitaanza nayo.

Bi Msasa aliajiriwa kufagia vyumba vya kubadilishia nguo. Mwaka wake wa pili, fundi rangi wa wakati huo aliteguka mgongo bwawa likiwa limekwanguliwa nusu. Yeye akauweka ufagio chini, akachukua msasa, akaendelea pale fundi alipoishia. Hakuna aliyemwagiza. Fundi aliporudi alipitisha kiganja ukutani, akauliza ni nani aliyefanya kazi ile, na tangu siku hiyo ufagio ulipewa mtu mwingine. Jina likatoka hapo. Likanoga zaidi baadaye, maana kila mfanyakazi mpya alipelekwa kwake kwanza, na aliyepitia mikononi mwake alipigwa msasa kwelikweli. Mwokoaji wetu, mtu wa miraba minne, mpaka leo akimwona huondoa mkono ukutani, kwa sababu siku yake ya kwanza kazini aliegemea rangi mbichi.

Hajui kuogelea. Miaka thelathini na mmoja, na maji ya bwawa hayajawahi kumpita magoti. Tukimtania hutujibu kwamba sisi tunalijua bwawa likiwa limejaa, yeye analijua likiwa tupu, na ni nani basi anayelijua zaidi? Nyufa zake amezipa majina. Ule mrefu wa upande wa kina kirefu ni Mama Mkwe, kwa sababu unauziba leo na kesho una lingine. Zile mbili chini ya ngazi ni Mawifi, kwa kuwa hazijawahi kutulia pamoja. Mume wake, ambaye ni fundi cherehani, anasema mlango wa nyumbani kwao haujaguswa na brashi tangu wahamie. Mganga hajigangi.

Sasa kazi yenyewe. Rangi ya bwawa si rangi ya sebuleni. Huja katika makopo mawili, rangi na kigumishi chake, na ukishavichanganya huna muda wa kupiga soga. Kabla ya kufungua kopo lolote, Bi Msasa hubandika vipande vya plastiki ukutani kwa utepe na kuviacha mchana na usiku. Asubuhi akikuta matone kwa ndani, husema ukuta una jasho, na kazi husimama. Mameneja wamemlilia, wamemfokea, mmoja alimletea feni sita. Ukuta wenye jasho hakuupaka.

Na akishamaliza kupaka, kuna ubao mweusi mdogo nje ya chumba cha pampu. Huandika maneno mawili tu pale, kila moja kwa siku yake. La kwanza ni KAVU. Maana yake ni kwamba rangi imekauka, unaweza kushuka bwawani bila viatu na haitashika nyayo. La pili ni IMEIVA. Hilo huja siku ya saba, akishabonyeza ukuta kwa kucha na kucha isiache alama. Maji huruhusiwa kuingia baada ya neno la pili, si la kwanza. Kila mtu bwawani alijua hivyo, isipokuwa mgeni.

Miaka tisa iliyopita mgeni nilikuwa mimi. Nilikuwa na miezi mitano kazini. Bwawa lilikuwa limefungwa kwa ukarabati, wenzetu wote walikuwa likizo, tumebaki mimi na mlinzi wa getini. Bi Msasa alimaliza mkono wa mwisho siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi aliandika KAVU, akaenda kumuuguza mama yake hospitali, kwa ruhusa ya siku nane. Jumamosi nilipita mbele ya ubao, nikasoma neno lile, na kimbelembele kikanipanda. Nilitaka wenzangu warudi wakute bwawa limejaa, waseme fundi mpya ni moto wa kuotea mbali. Nikafungua valvu.

Jumatano simu ililia. Alikuwa Bi Msasa, yuko kwenye korido ya hospitali, nasikia magurudumu ya kitanda yakipita nyuma yake. "Mdogo wangu," alisema, "kesho ni siku ya saba. Bonyeza kwa kucha sehemu tatu. Isipoacha alama, futa KAVU, andika IMEIVA, ndiyo ufungue maji. Usiwe na pupa." Nilikuwa nimesimama kando ya bwawa lililojaa hadi ukingoni. Hapo ndipo nilipojua tofauti ya maneno yale mawili.

Nikasema, "Sawa, dada."

Niliogopa kufukuzwa kazi. Sina maelezo mengine, na hayo hayatoshi. Siku iliyofuata nilifuta KAVU, nikaandika IMEIVA kwa mkono wangu, na katika daftari la pampu nikajaza kwamba maji yamefunguliwa Alhamisi.

Wiki ya tatu yalitokea malengelenge ukutani, madogo kama ukucha wa kidole gumba. Wiki ya tano rangi ikaanza kubambuka vipande vipande. Kila asubuhi nilifungua chujio na kukuta maganda ya buluu yamejaa, nayatoa kwa mikono miwili, nayatia kwenye ndoo, naifunika ndoo. Mwalimu wa kuogelea alikatwa kisigino na ukingo wa ganda lililonyanyuka, akashonwa nyuzi nne. Bwawa likafungwa.

Kikao kiliitwa. Mhandisi aliyeletwa kuchunguza alisema rangi ilipakwa juu ya ukuta wenye unyevu. Bi Msasa alisimama akasema ukuta ulikuwa mkavu, alibandika plastiki mara tatu na hakukuwa na tone hata moja. Mhandisi akauliza maji yalifunguliwa lini. Daftari likaletwa. Alhamisi, siku ya saba, kama inavyotakiwa. Niliulizwa kama ndivyo, na nikasema ndivyo. Wakati huo maji yalikuwa yamenifika shingoni, na bwawa lilikuwa tupu.

Alipewa barua ya onyo kwa uzembe. Akalikwangua bwawa lote upya, wiki tisa, akiwa amepiga magoti juu ya gunia lililokunjwa, na akalipaka tena. Rangi ya safari hiyo ilidumu. Lakini mzaha ulishazaliwa. Chochote kisichodumu hapa kikaitwa rangi ya Bi Msasa. Bati la paa likivuja, rangi ya Bi Msasa. Karani alipovunja uchumba wake, tuliuita hivyohivyo. Yeye mwenyewe alicheka pamoja nasi, kicheko kifupi, kisha akarudi stoo. Nami nilicheka. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka tisa.

Machi mwaka huu alilipaka bwawa kwa mara ya kumi na tatu, mara yake ya mwisho. Alimaliza siku ya Ijumaa. Mashindano ya shule yalipangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na bwawa letu huchukua siku mbili kujaa. Mnaoweza kuhesabu mnaona tatizo lilipokuwa. Jumanne meneja alishuka bwawani na viatu vyake vya ofisini, akaugusa ukuta, akajitazama vidole.

"Si imekauka hii?" aliuliza.

"Imekauka, Meneja. Bado haijaiva," alisema Bi Msasa.

"Shule kumi na moja zinakuja. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Tulikuwa watu sita pale na hakuna aliyethubutu kutabasamu. Meneja alikunjua uso kwa shida, akasema kwa sauti ya chini, na nadhani leo anajuta: "Mama, kwa yale yaliyotokea miaka ile, wewe si mtu wa kutufundisha rangi inakauka lini." Akanigeukia mimi. "Fundi, kafungue maji."

 Bi Msasa alilitazama shati lake la kazi, akaanza kubandua tone la rangi lililokaukia kwenye kifungo. Nimemwona akibishana na mameneja wanne na sijawahi kumwona akikosa neno. Siku ile alikosa, na aliyemnyang'anya lile neno nilikuwa mimi.

Nilikwenda chumba cha pampu. Nilishika usukani wa valvu, wa baridi. Kama ningeufungua, rangi ingebambuka tena kabla ya Juni, na angeondoka hapa na barua ya pili na jina lililokwisha kabisa. Ningekataa tu, meneja angemwita mtu mwingine. Niliuachia. Nikatoa kabatini daftari la miaka tisa iliyopita, nikalipeleka ofisini, nikafunga mlango, nikasema.

Meneja alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha alipiga simu kwa waandaaji wa mashindano na kuyasogeza wiki moja mbele. Alipomaliza aliniambia mambo mawili: kwamba suala langu litafuata taratibu, na kwamba kabla jua halijatua niwe nimemwambia mwenyewe aliyesingiziwa kosa.

Nilimkuta stoo akiosha brashi kwenye kopo la mafuta ya taa. Nilimweleza yote, tangu ubao hadi simu ya hospitali. Hakugeuka. Aliosha brashi ile ikatakata, akachukua nyingine. Nilipoanza kulia alinisogezea kitambaa cha kufutia rangi, kichafu, bila kunitazama.

"Mimi huniambii kitu," alisema mwishoni. "Mimi nilijua ukuta ulikuwa mkavu. Nimejua miaka yote tisa. Waambie wao."

Nikamuuliza niwaambie vipi.

"Si umepewa kuandika wasifu? Basi andika."

Ndiyo maana mnasoma haya mkiwa mmeshika soda. Siku ya saba alishuka bwawani, akabonyeza ukuta kwa kucha, si sehemu tatu, ila kila ukuta, akiufuata polepole mpaka kina kirefu na kurudi. Kisha alipanda ngazi akaniambia nifungue. Shule kumi na moja zilikuja. Leo ni miezi mitatu na ushee, na asubuhi hii nimefungua chujio nikakuta majani mawili na pini ya nywele.

Barua ya onyo imeondolewa katika jalada lake. Kuna nyingine mpya, ina jina langu na tarehe ya mwezi wa nne, na nimeitia saini. Mwalimu wa kuogelea ameshaniambia anachonifikiria, kwa maneno ambayo hayawezi kuchapishwa hapa, na ana haki. Bi Msasa bado hajasema kama amenisamehe. Hunisalimu kila asubuhi, hunipa kazi, jana alinikaripia kwa kuweka ndoo kwenye njia. Sijamuuliza zaidi ya hapo.

Wafanyakazi wote tunamshukuru mume wake kwa kutuazima mke kwa miaka thelathini na mmoja, na binti zake wawili kwa Jumapili zote walizokula bila mama kwa sababu Mama Mkwe alikuwa amefunguka tena. Tunaushukuru mgongo wake, magoti yake na subira yake, ambayo tuliitumia vibaya. Mliokuwa mkisema rangi ya Bi Msasa mkimaanisha kitu kibovu, mlisema uongo niliowapa mimi.

Dada, wenzangu wote wanakutakia afya, usingizi wa kutosha, na mlango wa nyumbani uliopakwa rangi hatimaye. Mimi nakutakia hayo yote, na naliandika hapa lile ulilonituma niliandike, mbele ya kila mtu: ukuta ulikuwa mkavu. Hukukosea.