Koti Limerudi Safi

Baraza ya saruji iliyo mbele ya duka la betri za magari la Adil, hapa Ibra, Omani, wake wa wazee wanaokaa hapo wanaiita Mahakama, na hawakukosea. Kila siku ikishasaliwa Alasiri, jua likishahamia ukuta wa pili, wazee hukaa hapo na mdila wa kahawa, na hakuna jambo linalopita barabarani likasalimika. Gari mpya ya jirani imetoka wapi. Daktari mgeni kwa nini hasalimii mpaka asalimiwe. Mvua iliyotangazwa na isinyeshe, nani kaizuia. Lakini Jumatatu hiyo mshitakiwa alikuwa mmoja wao wenyewe, Khelef, karani mstaafu wa idara ya elimu, aliyerudi juzi kutoka Uingereza baada ya wiki tatu. Na lau angejua yatakayomkuta, angebaki nyumbani akasingizia homa.

Kosa alilifanya mwenyewe. Kwetu mtu akitoka safari ana taratibu zake. Atapewa tende, atapewa kahawa, kisha mkubwa wa baraza atamuuliza, "Ulumu?" yaani lete habari. Naye lazima ajibu kwanza kuwa hakuna ulumu, ila kheri. Hata kama ameacha nyumba inaungua, jibu la kwanza ni hilo hilo. Ndipo ataulizwa mara ya pili, na hapo sasa atafungua mzigo wake. Mtoto mdogo wa Ibra anayajua hayo. Khelef alikula tende, akanywa kahawa, akaulizwa ulumu, akajibu hakuna ila kheri. Vizuri. Akaulizwa mara ya pili. Akakitikisa kikombe kuonyesha kuwa ametosheka, akakirudisha kwenye sinia.

— Kweli hakuna, alisema. Theluji haikuanguka.

Adil aliuweka mdila chini.

Mnapaswa kujua kuwa Khelef aliwachosha watu na theluji mwaka mzima. Alipokuwa mtoto skuli Unguja, mwalimu wao aliwapa insha ya siku ya theluji, na yeye, ambaye baridi kubwa aliyoijua ni ya maji ya mtungi, akaandika kurasa mbili akapata tisa kwa kumi. Ile alama moja haikumtoka moyoni. Mjukuu wake Jumana alipopelekwa Leeds kusoma uhandisi, Khelef aliapa hapo hapo barazani kwamba mwezi wa kwanza atakwenda, ataikanyaga theluji kwa miguu yake, na atarudi kusimulia ilivyo. Watu walimngojea. Tena siku hiyo alikuwapo hata mgeni, Muntasir, mtu wa makamo aliyehamia kutoka mji wa Sur kufundisha udereva. Mama yake alikuwa Mpemba, kwa hivyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri, lakini ilikuwa siku yake ya tatu barazani na alikuwa bado hajafungua mdomo zaidi ya shikamooni.

Wa kwanza kushuku alikuwa Mahrous. Huyu wanamwita Rada, kwa sababu alifanya kazi uwanja wa ndege miaka thelathini, na Uingereza hapo barazani ni mali yake. Alipelekwa kozi ya miezi sita mwaka 1983, na theluji aliyoikuta huko kila mwaka inapanda. Ilianza kwenye vifundo vya miguu. Sasa imefika kiunoni. Isitoshe, koti alilosafiri nalo Khelef lilikuwa lake, na Khelef alikuja kulirudisha likiwa ndani ya mfuko, Rada akalitoa na kulikunjua mbele za watu. Alitazama mikono. Alitazama pindo. Mwisho akatia pua mfukoni.

— Linanuka karafuu.

— Si nimelitunza, Khelef alisema.

— Karafuu zilezile alizotia mke wangu kuzuia nondo. Hazikusogea hata moja. Bwana Khelef, koti lililokwenda Ulaya kwenye baridi linarudi vile lilivyotoka kabatini?

Khelef alieleza, na alieleza kwa utulivu. Msimu huu huko kwao ulikuwa wa uvuguvugu, wenyewe walikuwa wakiulalamikia. Ukuta kwa ukuta na Jumana anakaa bibi mmoja wa makamo ya Khelef, aliyekuwa na kigari cha mbao kisicho magurudumu, cha kutelezea juu ya theluji. Kila jioni alikitoa nje, akakipaka nta chini, akatazama juu. Khelef naye alitoka akatazama juu. Lugha hawakuwa nayo ya kutosha, lakini wote wawili walijua wanatazama nini. Mbingu ilikuwa ya kijivu, inadondosha manyunyu, na saa kumi jioni ikiingia Magharibi bibi yule alikirudisha kigari chake ndani, anatikisa kichwa.

— Magharibi saa kumi, Adil alirudia polepole.

Adil wanamwita Kigoma, huko ndiko walikotoka wazee wake, na Kiswahili chake ni cha bara. Rada ilibidi amthibitishie kuwa hilo la Magharibi ni kweli, ingawa alilithibitisha kwa shingo upande. Adil akaomba simu aone picha. Ilikuwapo moja nzuri, Jumana amesimama kwenye majani mabichi, ukungu nyuma yake, maua ya manjano miguuni. Adil aliikuza kwa vidole viwili mpaka akabaki anatazama jani moja.

— Mzee Khelef, hii ni Salala, hapo kusini kwetu.

— Hiyo ni Leeds.

— Ukungu, manyunyu, majani. Mimi naipeleka familia kila mwaka mwezi wa saba, naijua. Hapa nimeshachoma mishikaki. Angekuwepo ngamia tu, ningekuonyesha nilipopaki gari.

— Tumo mwezi wa pili, Adil. Salala sasa hivi kukavu.

— Ndiyo maana nauliza picha ni ya lini.

Khelef akaona afadhali atoe pasi ya kusafiria. Aliitoa kanzuni, kwa maana alitoka nyumbani akijua anakokwenda. Muhuri ulisomwa na Rada, ukasomwa na Adil, ukageuzwa kwenye mwanga. Basi safari ikakubaliwa. Lakini Mahakama haifungi kesi kwa sababu ya ushahidi. Kama Khelef kweli alikwenda, theluji nayo imekwenda wapi?

Adil alikuwa na jibu, na alilitoa huku akimimina kahawa. Alisema watu waulize theluji ya Dubai, ile iliyomo ndani ya jengo, watu wanateleza juu yake na nje watu wanaiva. Rada akamwambia ile inatengenezwa na mashine. Adil akasema mashine inaihifadhi tu, yeye anauliza inatoka wapi. Waingereza wameshauza timu zao za mpira, wameuza mahoteli, sasa wamebakiza nini cha kuuza? Inabebwa na ndege za mizigo, alisema, na kama hamwamini waulizeni watu wa uwanja wa ndege.

Rada, ambaye ndiye mtu wa uwanja wa ndege, hakukataa, maana kukataa ingekuwa kukiri kuwa hakuyajua ya ndani. Kisha akasema hilo linawezekana, lakini yeye ana lake. Theluji ipo. Isipokuwa siku hizi haionyeshwi wageni. Mwaka 1983 walikuwa hawajaamka. Sasa mtu akiomba viza anaulizwa anakwenda kufanya nini, na Khelef bila ya shaka aliandika anakwenda kuona theluji. Basi wakaihamishia Skochi, huko kaskazini kwao.

Hapo Khelef, Mungu amsamehe, akafanya kosa la pili.

— Skochi ilianguka, alisema. Siku mbili, milimani. Niliiona kwenye televisheni.

— Na hukwenda? Rada aliuliza.

— Jumana alisema si wakati.

Rada alilikunja koti, akaliweka mapajani. Sauti yake aliishusha, na Rada akishusha sauti ujue ameona kitu kwenye mtambo wake.

— Babu wa watu katoka Ibra mpaka huko kwa ajili ya theluji. Theluji iko saa chache kwa treni. Mtoto anakataa. Kwa nini?

Khelef aliirudisha pasi yake kanzuni.

— Huko kuna kitu hataki ukione, Rada alisema.

— Au kuna mtu, Adil alisema.

Neno likakaa hapo katikati ya vikombe. Maneno ya baraza ile yakitoka Alasiri, kabla ya Isha yameshaingia kila jiko la mtaa huu, na jina la msichana likishachezewa majikoni halirudi lilivyokuwa. Khelef alitaka kuwafokea. Alitaka kusema kuwa mjukuu wake amelelewa na bibi yake, Fakhriya, na mtoto aliyelelewa na Fakhriya hana la kuficha. Lakini ulimi ulikuwa mzito, na sababu yake aliijua mwenyewe, na ilimuuma. Na yeye pia alishashuku.

Kwa wiki tatu aliyaona mambo. Jumana alikuwa akitoka alfajiri na kurudi macho mekundu. Alikuwa akizungumza kwa simu bafuni, maji yamefunguliwa. Vitabu vyake vilikaa mezani na vumbi juu yake. Khelef aliyahesabu yote hayo, na kila moja alilipa maana ileile, kwamba mtoto ana siri na siri hiyo ndiyo inayomkosesha yeye theluji yake. Usiku wa Skochi alilala amenuna. Hata chai ya asubuhi aliyotengenezewa aliinywa bila ya kusema ahsante.

Adil na Rada walikuwa wameshafika mbali. Mmoja alikwishampa huyo mtu kazi, mwengine alikwishampa ndevu. Ndipo yule mgeni, Muntasir, akakohoa kidogo pale pembeni.

— Samahani wazee wangu. Mie sijui, pengine limeshasemwa kabla sijaja. Huyo mtoto mwenyewe hajambo?

Adil alimtazama Rada. Rada alimtazama Khelef. Khelef alifungua mdomo kusema hajambo, neno dogo tu ambalo mtu hulisema hata usingizini, na halikutoka. Hakujua. Alikaa naye wiki tatu chumba kwa chumba, alijua kila wingu lililopita juu ya Leeds lilikuwa la rangi gani, na hakujua kama Jumana hajambo.

Akakumbuka jioni moja. Alikuwa amekaa mbele ya televisheni, bibi wa hali ya hewa anaonyesha ramani, na Jumana akaja kukaa sakafuni karibu na miguu yake, kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mdogo. Akasema, "Babu, nataka kukwambia kitu." Khelef akanyoosha kidole, asubiri kwanza, wanatangaza. Jumana akasubiri. Ilitangazwa mvua. Khelef akavunjika moyo, akageuka, akamuuliza haya, kuna nini.

"Hakuna, Babu," mtoto alisema. "Kheri tu."

Naye akamwacha ainuke aende zake. Yeye Khelef, mtu wa Ibra, miaka sabini na miwili, aliyekaa katika mabaraza ya watu tangu hajaota ndevu, alipewa jibu la kwanza na hakuuliza mara ya pili.

Aliinuka. Adil alimuuliza anakwenda wapi na kahawa bado ipo, lakini kahawa haikuwapo tena, mdila ulipoinuliwa ulitoa tone moja jeusi. Khelef alisogea hatua chache mpaka kwenye kivuli cha gari la Muntasir, akabonyeza simu. Huko Leeds ilikuwa mchana. Iliita, iliita, kisha uso wa Jumana ukatokea, mwembamba kuliko alivyoukumbuka, na nyuma yake dirisha jeupe.

— Babu, nilikuwa nakupigia wewe sasa hivi, alisema haraka. Wallahi imeanguka. Leo asubuhi. Yule bibi yuko nje na kigari chake, analia kwa furaha. Ngoja nigeuze simu uone.

Barazani walisikia. Rada alisimama na koti lake mkononi. Adil alishafika nusu ya njia, shingo mbele.

— Usigeuze, Khelef alisema.

— Lakini Babu, theluji hii. Itayeyuka.

— Iache iyeyuke. Nionyeshe uso wako.

Khelef aliisogeza simu karibu, akamtazama vile ambavyo hakumtazama wiki tatu zote. Macho yalikuwa yamevimba, na leo hakukuwa na ramani ya mvua ya kumzuia asiyaone.

— Ulumu, mwanangu?

— Hakuna, Babu. Ila kheri.

— Hilo nimelisikia, Khelef alisema. Sasa n'nakuuliza mara ya pili.

Rada, kwa mara ya kwanza tangu baraza ile ijengwe, alimshika Adil mkono akamrudisha akae, na akageuza uso wake upande wa barabara.

— Nimechoka, Babu, Jumana alisema. Nimeshindwa mitihani, na nimechoka kukaa peke yangu.

Khelef alikaa chini pale pale kwenye changarawe, na kanzu yake nyeupe.

— Sema yote, alisema. Mpaka Magharibi sina pa kwenda.