Maji ya Ndimu Mezani kwa Wakwe

Kijiwe chetu ni ubao mmoja uliowekwa juu ya matofali, pembeni ya soko la Kasongo, mbele ya jiko la makaa la Mama Rachida. Tunaokaa hapo kila asubuhi ni watatu. Lukumani anaendesha pikipiki ya abiria, naye tunamwita Njia-Mbovu, kwa sababu hata jino likimuuma analaumu njia. Kamaldine ni mshonaji. Tunamwita Waziri, maana hajawahi kuulizwa neno akasema hajui. Mimi ni Salomon. Wananiita Amina, kwa kuwa wakibishana sana mimi husema amina ili waache. Tangu Mungu amwite mke wangu Régina, miezi mitano sasa, nafika pale kabla makaa hayajashika. Nyumbani kuna ukimya mwingi. Na asubuhi ninayoieleza, zilikuwa zimebaki siku tatu binti yetu Emmanuella aolewe Kabambare.

— Muzee Amina, alianza Lukumani, Jumamosi nitakufikisha Kabambare mapema, Mungu akipenda na njia ikipenda. Lakini safari hii usikunywe maji ya watu.

Kamaldine alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali.

Ni kweli, niliyanywa. Wiki tatu nyuma tulikwenda kwa wakwe kujitambulisha. Baba wa kijana, Bwana Antoine, ananunua dhahabu kwenye machimbo ya Salamabila, na nyumba yake ya Kabambare ina meza ndefu ya watu kumi na wawili. Tulipomaliza kula, msichana mmoja aliweka mbele ya kila mtu kibakuli cha kioo chenye maji na kipande cha ndimu. Tulikuwa tumekula vumbi njia nzima. Nilimshukuru Mungu, nikanywa. Ndugu zangu wawili, kwa kuwa mkubwa wao amekunywa, wakanywa pia. Yule mdogo alikula na ndimu, pamoja na ganda lake. Nilipoinua macho, wakwe wote walikuwa wametia vidole ndani ya vibakuli vyao.

Nje, Emmanuella aliniambia: «Baba, si kosa lako. Lakini jikoni wamecheka.» Hakulia. Ningependa angelia.

— Basi nisaidieni, niliwaambia. Sitaki kumuaibisha mutoto mara ya pili. Yeye atakaa na wanawake, sitaweza kumuangalia nimufuatishe. Ile bakuli, mutu anaifanyia nini?

— Weye ulifanya vizuri, alisema Lukumani. Ile ni dawa ya tumbo. Ndimu inayeyusha mafuta ya nyama. Kosa ni kwamba uliinywa yote mara moja. Ilitakiwa kidogo kidogo, kama kinini ya malaria.

— Na wao waliotia vidole?

— Wale hawakuwa wagonjwa.

— Dawa gani ya kuoshea vidole, Njia-Mbovu? alisema Kamaldine. Kwanza, wahenga wamesema maji yakimwagika hayazoleki.

— Maana yake?

— Maana yake mutu anywe kabla hayajamwagika. Kwa hiyo Amina hana kosa. Lakini siyo dawa. Sikilizeni. Antoine anafanya kazi gani?

— Ananunua dhahabu.

— Sasa wageni wake ni akina nani? Wachimbaji! Mutu anatoka shimoni Salamabila, vumbi ya dhahabu imeshika kwenye kucha. Anakula kwa Antoine, anatia vidole kwenye bakuli, dhahabu inashuka chini. Wageni wakiondoka, Antoine anakusanya bakuli zote, anachekecha. Unafikiri ile nyumba aliijenga na nini?

Mama Rachida alikuwa anapepea makaa. Hakugeuka.

— Waziri, weye unashona kofia za watu. Vumbi ya vichwa vyao uliiuza wapi?

— Mama, mambo ya protokole, ya adabu za wakubwa, unatuachia sisi.

— Mimi nafikiri ni vidole vingapi, alisema Lukumani. Hapo ndipo kuna siri. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukitia kimoja tu, wanaona familia yenu ni dhaifu.

— Nitie vyote kumi?

— Kumi havienei. Bakuli ni ndogo. Tia vitano, vingine vitano weka mfukoni.

Nilianza kujuta kuuliza. Lakini Kamaldine alikuwa ameshasogea karibu, na sauti yake ilikuwa imeshuka, kama anavyofanya akitaka kumwambia mteja kwamba kitambaa hakikutosha.

— Salomon, ndugu yangu, nitakuambia neno zito. Vidole siyo shida. Shida ni ndimu. Ndimu ikielea huku nyama yake inaangalia juu, maana yake umekubali ndoa. Mutu akiigeuza, ganda likaangalia juu, ndoa imevunjika. Bila neno. Wakubwa hawasemi, wanageuza ndimu.

— Nani alikuambia?

— Nilishona suti ya mutu aliyeoa Kindu.

— Na mdogo wake Amina aliyeila? aliuliza Lukumani.

Kamaldine aligeuza kiganja juu chini, kama ndimu.

— Huyo ameoa yeye.

Tulicheka wote, hata mimi. Kisha kicheko changu kilikatika haraka, kwa sababu usiku nilikuwa nimeota ile meza, na watu mara kumi zaidi, na mtoto wangu amesimama mlangoni. Régina angejua la kufanya. Alilelewa kwa masista, alijua furusheti, yaani uma, inakaa mkono gani. Mimi nilijifunza katekisimu na hesabu, nikarudi shambani.

Wakati huo alikuja mama mmoja mwenye mfuko mgongoni. Alimsalimu Rachida, akatusalimu sisi, akauliza kama kuna pikipiki ya kwenda Kabambare. Lukumani alimwambia anywe kwanza kahawa, gurudumu linajazwa upepo, njia ni mbovu. Alijitaja kuwa anaitwa Léocadie. Alikaa mwisho wa ubao, na kwa kuwa Kamaldine hawezi kunyamaza, dakika mbili tu mama huyo alikuwa ameshajua habari yote ya dawa, ya dhahabu na ya ndimu.

— Nilipika nyumba ya mapadri miaka kumi na tisa, alisema. Ile bakuli ni ya vidole. Inakuja mwisho, au mukila kitu cha kushika kwa mkono. Unachovya ncha tu, mkono huu, halafu ule. Unapangusa na serviete, kile kitambaa cha mezani. Unaisogeza kando. Ndimu inaondoa harufu, usiiguse.

— Ni hayo tu? aliuliza Lukumani.

— Ni hayo tu.

Kamaldine aliangalia chini kama mtu aliyenyang'anywa shamba. Mimi nilichovya ncha za vidole hewani, mkono huu, halafu ule. Nilirudia mara tatu. Moyo ulitulia.

— Mungu akubariki, mama. Sasa sitaogopa. Yaliyobaki ninayajua mwenyewe. Kabla ya chakula, mimi na mukwe wangu Antoine tutanawa pamoja kwenye beseni moja, kama kwetu wanavyofanya. Yeye amekubali. Alisema vibakuli vyake vitangoja mpaka tumalize yetu.

— Hiyo ni nzuri, alisema Léocadie. Watu wanaisahau. Kwetu, maji ya wakwe anamwaga shangazi. Na kwenu?

— Kwetu ni mama ya bibi-arusi. Anashika birika, anamwagia baba wa kijana, halafu bwana yake mwenyewe. Asipomwaga yeye, hatujasema kwamba tumempa mutoto kwa moyo.

Niliyasema haraka, kama mtu anayejibu katekisimu.

— Sawa, alisema yule mama akipuliza kahawa yake. Basi Jumamosi mama ya mutoto atafika Kabambare na nani? Pikipiki hii moja inawatosha?

Hakuwa na kosa. Hakutujua.

Lukumani aliinama kuangalia gurudumu lililokuwa limeshajaa. Nilimgeukia Waziri, maana yeye ana jibu la kila kitu. Alikuwa anaokota uzi kwenye goti lake, na goti halikuwa na uzi. Kwa siku nyingi nilikuwa nimelala na kuamka na maji ya ndimu, na hata mara moja sikujiuliza nani atashika birika.

Léocadie alituangalia mmoja mmoja, kisha akaacha kupuliza kahawa.

— Kahawa imekwisha, alisema Mama Rachida. Muende kazini.

Aliiinua birika ya kahawa kutoka kwenye makaa kwa mikono miwili. Ilikuwa bado nzito.