Koti la Mikono Miwili ya Kushoto

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka magoti yenu yaguse kitanda, maana sauti niliyobakiwa nayo si ya kumwitia mtu mlangoni. Funga hilo dirisha la barabarani, yule muuza ndoo na mabeseni ana kipaza sauti na mimi sina. Gazeti hili lililo mapajani mwangu liacheni lilipo, na mkasi huu msininyang'anye. Najua mmekuwa mkitazamana tangu asubuhi, mnanong'ona kwamba mama ameanza kupotea, anakatakata magazeti kitandani kama mtoto wa chekechea. Sijapotea. Nitakata huku nasema, kwa sababu mikono hii haikuzoea kukaa bure na haitajifunza leo.

Nyote watatu mpo, namshukuru Mungu. Wewe kifungua mimba, umekaa kwenye kiti cha baba yenu na umekaa kama yeye, mguu mmoja nje. Wewe wa kati, acha kunihesabia pumzi. Hapa wewe ni binti yangu, uuguzi umeuacha hospitalini. Na wewe kitinda mimba uliyejibanza pale kabatini, umenipa mgongo kama mgeni, njoo ukae huku kushotoni kwangu, upande wa mkono unaofanya kazi.

Nianze na mali, maana mali ndiyo nyepesi. Nyumba hii isiuzwe wala isikatwe vipande. Atakayekwama popote duniani ajue kuna chumba kinamngoja. Duka la ushonaji, na meza ya kukatia, na mafundi wanne na kelele zao, ni la kifungua mimba, amelitumikia miaka kumi na minane na hakuna wa kumwonea gere. Kioo kirefu ni cha wa kati, kwa sababu tangu ana miaka mitano hajawahi kukipita bila kujigeuza nyuma. Cheka, mama, cheka, ni kweli. Na ile cherehani yangu nyeusi ya kukanyaga kwa mguu, niliyoanzia maisha, ni ya kitinda mimba. Najua anayo yake. Najua pia kwamba ameifunika shuka miezi saba sasa, na kibanda chake kimefungwa, na kila nikimuuliza ananiambia anapumzika. Hilo ndilo lililonifanya niwaite, hayo mengine mngeyasoma kwenye karatasi.

Wewe kifungua mimba, nisikilize bila kuinamisha kichwa. Mdogo wako alipata kazi ya sare za shule, mashati sitini, akakata kitambaa kabla ya kukiloweka, kikanywea siku ya kwanza kufuliwa, na wazazi wakaja kumrundikia mashati mlangoni huku wakisema waliyosema. Ni kosa la fundi. Mimi na wewe tumefanya mabaya kuliko hilo. Lakini ulimi hauna mfupa. Ulisimama dukani, mbele ya mafundi wote wanne, ukamwambia: "Mama alisagwa mkono na mashine na hakukata tamaa hata siku moja. Wewe kitambaa kimenywea tu, tayari umejilaza." Nilikuwa nyuma ya pazia nikitia vifungo. Nilisikia. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kumenitafuna miezi hii saba kuliko huu ugonjwa.

Maana wewe hukusema uongo, mwanangu. Ulirudia uongo wangu.

Hadithi yenyewe mnaijua, nimewapikieni nayo na kuwaogesheni nayo. Nilikuwa kijana, nafanya kazi kiwanda cha sare, na mpaka leo nikifumba macho naisikia harufu ya kitambaa kibichi kikikutana na pasi ya moto, na vumbi la chaki linavyokaa kwenye kope, na sisi wasichana thelathini tunavyoimba kwa kufuata mwendo wa cherehani mpaka msimamizi agonge meza kwa rula. Jamani, nilikuwa na mikono! Kidole hiki cha shahada, mnachokiona kimekunjamana kama mzizi wa tangawizi, kilikuwa kikigusa kitambaa na kujua kimefumwa vipi kabla jicho halijajua. Halafu siku moja mashine ya kupigia pasi ikafunga taya zake mkono wangu ukiwa ndani. Wakanifunga bendeji, wakanipa mabunda mawili ya nyuzi nyeupe ya kunipa pole, wakaniambia nipumzike nyumbani, na msichana mwingine akakaa kwenye kiti changu kabla hakijapoa.

Na baada ya hapo ninyi mnajua nini? Mnajua kwamba mama alihamia mkono wa kushoto, akafanya mazoezi ya kukata magazeti mwaka mzima, akafungua duka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia, na mkaniandikia methali hiyo juu ya mlango wa duka kwa rangi ya bluu. Nzuri sana. Ila kati ya mashine na magazeti kuna kipande nilikikata nikakificha, kama fundi mwizi anavyoficha kitambaa cha mteja.

Wewe wa kati, chini ya kitanda kuna boksi la viatu vya baba yenu. Livute. Fungua, usiogope vumbi. Litoe hilo koti, ulinyooshe mbele ya ndugu zako. Mnaona? Kitambaa kizuri, sivyo, cha kijivu, bado kinang'aa. Sasa itazameni ile mikono.

Yote miwili ni ya kushoto.

Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza baada ya ajali. Alinipa karani wa mahakama, baba mmoja mpole mwenye tumbo la mbele, alitaka koti la kuvaa siku ya kuagwa kazini, akanipa mimi kwa huruma kwa sababu alinijua. Fundi mwenye mikono miwili hukunja kitambaa mara mbili, akikata mara moja anapata mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Mimi kushoto kwangu hakukuwa na nguvu ya kukata kitambaa kikiwa kimekunjwa, na mkasi wenyewe umetengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia, ukiushika kushoto unakuficha mstari. Nikakata kipande kimoja kimoja. Na nilipokata mkono wa pili, kwa jinsi nilivyokuwa nimejawa na furaha kwamba mkasi unatii, nikasahau kuugeuza mchoro. Nikaushona hivyo hivyo usiku na mchana. Sikuona! Mtu akipenda jambo sana haoni.

Karani akalivaa barazani kwetu, mbele ya majirani waliokuja kunipongeza. Mkono wake wa kulia ukapindukia nyuma, ukasimama kama anayesimamisha gari. Hakukasirika, laiti angekasirika. Alicheka, akacheka mpaka akajifuta machozi, akasema, "Binti yangu, umeshonea mtu mwingine, huyu ana mikono miwili ya kushoto!" Na baraza zima likacheka naye. Baba yenu akaingia ndani, akatoka na koti lake la harusi, alilolivaa mara moja tu tangu azaliwe, akamvalisha yule mzee. Ndiyo maana hamkuwahi kuliona koti la harusi la baba yenu ila kwenye picha. Niliwaambia liliibiwa kwenye kamba. Halikuibiwa.

Basi, nikakata tamaa. Nalisema kwa kinywa changu mlisikie: mama yenu alikata tamaa, si siku moja, miezi tisa. Nililala uso ukiwa ukutani. Cherehani nikamwambia baba yenu aiuze, hakuiuza, mimi nikaifunika shuka. Shuka, kitinda mimba, ile ile yenye maua ya zambarau uliyofunikia yako. Nilipokupa siku ulipofungua kibanda sikujua ninakupa nini.

Sasa niwaambieni aliyeniinua, maana mwiba huu nao nimeubeba. Bibi yenu mzaa baba. Msitazamane. Najua niliwafundisha kumwogopa, niliwaambia ni mkali, hanipendi, alimtakia mwanawe binti wa jirani na mimi nikaja kuharibu. Hayo yalikuwa kweli. Mama mkwe wangu hakunitaka, na siku alipoanza kuja kila asubuhi na kuketi mwisho wa kitanda changu nilijua amekuja kunicheka. Hakunipa nasaha wala hakunisomea methali. Alikuja na mkasi wangu na gazeti la zamani, akaanza kukata. Na alikata vibaya, wanangu! Alikata kama anayekatia mbuzi majani. Kesho yake tena. Siku ya tatu tena, krap, krap, mstari unakwenda kama njia ya panya, vipande vinaniangukia miguuni, na mimi nimegeukia ukuta nasaga meno, kwa sababu fundi anaweza kuvumilia hata kufa, lakini kusikia kitambaa, hata karatasi, kikikatwa vile, hawezi. Sijui ilikuwa siku ya ngapi. Niligeuka, nikamnyang'anya mkasi kwa mkono huu wa kushoto, nikamwambia kwa hasira zote za miezi tisa, "Si hivyo, mama!"

Akaniangalia. Akaniambia, "Basi nionyeshe wewe." Nikakata. Vibaya, lakini si vibaya kama yeye. Akaokota kile kipande changu, akakikunja, akakitia kifuani, akaenda zake nyumbani. Kesho yake niliukuta mkasi umeviringishwa kitambaa laini kwenye mshikio ili kidole gumba kisichubuke, na magazeti ya mwezi mzima yamepangwa mlangoni.

Nilikuja kujua siku ya msiba wake, kutoka kwa shemeji yangu mmoja, kwamba yule mama alishona mashuka ya hospitali ujana wake wote. Alijua kukata kuliko mimi. Na mimi sikuwahi kumwambia asante, nilisubiri aanze yeye kunipenda kwa maneno, naye hakuwa mtu wa maneno. Nikawaleeni kwa hadithi ambayo yeye hayumo, nikasimama peke yangu ndani yake kama shujaa, na kila mlipoanguka mkajipima na mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na anayeunda hupiga msumari ukapinda, akaung'oa. Huo uvumilivu mliouandika kwa rangi ya bluu si kutoanguka. Mimi nililala miezi tisa, ndipo nikaamka, na kuna mtu aliniamsha. Nisamehe, kitinda mimba. Hukuwa na roho nyepesi kuliko yangu. Una miezi saba tu. Bado unanidai miwili.

Ngojeni. Nipeni maji. Kidogo tu... basi.

Kifungua mimba, ulilomwambia mdogo wako mbele ya mafundi, ukalifute mbele ya mafundi. Koti hili ulitundike dukani, chini ya ile methali, na mtu yeyote asiurekebishe mkono wake. Fundi akikosea, mvalisheni, mcheke naye, halafu mfungulieni cherehani. Na mkinizika, nizikeni kushotoni kwa mama mkwe wangu. Nina neno moja la kumwambia, limechelewa sana.

Inamisheni vichwa niwaguse. Mkono huu ndio ninao. Mungu awape kazi msiyoichoka, na mkichoka awape mtu wa kukaa mwisho wa kitanda. Pendaneni. Riziki yenu isikauke. Wajukuu zangu... waambieni ukweli wote, hata wa aibu.

Nimechoka sasa. Macho yanaona ukungu. Lakini acheni nimalizie hili gazeti, nimebakisha ukingo... Krap. Umepinda, ee? Najua. Mkono hauna nguvu. Unapanda juu, unashuka... na huku umepasuka. Mtanisamehe, nakata tu...

Nani huyo kanishika kiganja?

Si hivyo, unasema?

Ah. Kitinda mimba, mwanangu. Chukua basi, chukua mkasi, kidole gumba kipite huku kwenye kitambaa... Basi nionyeshe wewe. Kata taratibu, nikusikie.