Gudveig Haukenes, Katekista Aliyesema Hajui

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Gudveig Haukenes, katekista wa usharika wetu wa Ytrevåg, anastaafu rasmi tarehe 31 Mei. Baraza la usharika limeniomba mimi, mpiga kinanda, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida hili, kwa kuwa nimekaa naye ofisi moja kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Nilikubali haraka. Sasa nimeshika kalamu na ninajiuliza nilikuwa nawaza nini.

Shida ilianza nilipomwuliza ni jambo gani kubwa alilolifanikisha. Alifikiri, akamwaga kahawa iliyopoa kwenye sinki, kisha akaniambia hana hakika kama lipo, na kwamba nikiligundua nimjulishe. Hakuwa anatania. Basi msomaji anisamehe kama nitapotea njia katikati. Ninayemwandikia habari zake naye alipotea, na kwa namna ambayo hadi leo siielewi sawasawa, huko alikopotea ndiko wengi wetu tulikompata Mungu.

Gudveig alizaliwa katika kisiwa cha nje kabisa, binti wa mwoka mikate, akasomea kazi yake Oslo. Alipofika kwetu alikuwa msichana mrefu mwenye buti za mpira na majibu ya kila kitu. Ukimwuliza kwa nini Mungu aliruhusu hili au lile, alikufungulia Biblia papo hapo, akaweka kidole kwenye mstari, na mjadala ukaishia hapo. Watoto wa kipaimara walikariri sura nzima nzima. Wazazi walimpenda. Wazee wa nyumba ya maombi, ambao kwa kawaida hawampendi mtu yeyote aliyesoma Oslo, walimpenda kuliko wote.

Mwaka mmoja aliwapandisha wanafunzi mlimani ili wakasome Mahubiri ya Mlimani mahali panapofanana na pale yalipotolewa. Ukungu ukashuka. Gudveig akawaongoza kuteremka kwa ujasiri mkubwa, wakatokea upande wa pili, kwenye usharika wa majirani, ambako akina mama walikuwa wanapakua nyama ya kondoo na kabichi kwenye sherehe yao ya mavuno. Wanafunzi wetu walikula wakashiba, wakarudishwa kwa basi. Wazazi walipolalamika, Gudveig aliwaambia wana wa Israeli walichelewa zaidi, tena bila basi.

Huyo ndiye Gudveig wa kwanza. Wa pili alianza ule mwezi wa Oktoba mvua ilipokataa kukatika.

Wengi wenu mnakumbuka. Ubavu wa mlima ulikatika asubuhi, ukaichukua nyumba ya Oddgeir Myklestøl na kuisukuma hadi ndani ya fyodi, ule mkono wa bahari ulio chini yetu. Oddgeir alikuwa zizini na kondoo wake, hatua chache tu pembeni. Mkewe, Solfrid, alikuwa jikoni. Solfrid alikuwa mshiriki wa kundi la Jumanne, kundi la kusoma Biblia ambalo Gudveig aliliongoza katika nyumba ya maombi, na ndiye aliyekuwa akileta mkate na jibini ya kahawia.

Kundi letu lilikuwa na mpangilio wa usomaji uliopangwa tangu kiangazi. Jumanne ya kwanza baada ya mazishi, zaburi iliyofuata ilikuwa ile inayosema hatutaogopa hata milima ikitikisika na kuanguka moyoni mwa bahari. Hakuna aliyeichagua. Tulipoiona tulitazama sakafu, na mtu mmoja akapendekeza tuiruke. Hapo mlango ukafunguka, akaingia Oddgeir, ambaye hakuwahi kukanyaga mle ndani, akaketi kwenye kiti cha mkewe na kusema tusome kilichopangwa.

Gudveig alisoma. Hakuruka mstari hata mmoja.

“Solfrid aliipenda hiyo,” Oddgeir alisema. “Aliisoma akikoroga uji. Sasa mlima umeanguka baharini, na yeye ameenda nao. Nieleze.”

Sote tulimgeukia Gudveig. Niliona mkono wake ukifunua kurasa, ukaenda mbele, ukarudi nyuma, kisha ukatulia.

“Sijui, Oddgeir,” akasema.

“Umesoma kitabu hiki maisha yako yote.”

“Nimesoma. Sijui.”

Oddgeir akavaa kofia yake, akaondoka. Jumanne iliyofuata alirudi.

Kuanzia hapo, ndugu msomaji, mambo yalituvuruga. Gudveig aliacha kueleza. Tulikutana, tukaisoma zaburi ileile, tukanyamaza, kisha kila mmoja akasema kilichomchoma au kilichomkwaza, na yeye hakutusawazishia kitu. Wiki iliyofuata, ileile tena. Baadhi yetu tulidhani ni majonzi yatakayopita. Baadhi walihamia kundi la mji wa jirani, ambako bado kulikuwa na majibu. Watoto wa kipaimara walianza kurudi nyumbani na maswali ambayo baba zao hawakuyataka mezani. Mimi nilipiga nyimbo zangu nikiwa sijui kama ninaangalia imani ikifa au ikizaliwa, na nikimtazama Gudveig usoni nilishindwa kusoma ni ipi.

Jumapili moja katika sakristia nilimwuliza kama bado anasali. Akasema anasali, ila ni kama kuzungumza ndani ya zizi ambalo ng’ombe wake wameshauzwa. Nikamwuliza kwa nini basi haachi kusoma. Alifunga vifungo vya koti lake kwanza.

“Kwa sababu humu kitabuni kuna watu wanaolia kama ninavyotaka kulia mimi,” akasema. “Miaka yote niliwapita mbio nikienda kwenye majibu. Sikuwahi kusimama nikawasikiliza.”

Basi akasimama, na akatusimamisha nasi. Tulimsoma Ayubu polepole, bila kukimbilia mwisho wake mzuri. Tulimsoma Yeremia anayemlaumu Mungu waziwazi. Tuligundua, kwa mshangao wa watu waliobatizwa tangu utotoni, kwamba nusu ya Zaburi zimeandikwa na watu waliochanganyikiwa kama sisi, na kwamba hakuna aliyezifuta. Oddgeir alikuja kila wiki kugombana. Aliligombeza andiko, akamgombeza Gudveig, akaigombeza hata kahawa. Wakati wa kondoo kuzaa tulifika kwenye ile zaburi inayoishia gizani, isiyo na neno moja la faraja mwishoni. Oddgeir aliomba tuisome tena, na safari hii akaisoma mwenyewe, kwa kidole, kama mtoto.

“Huyu mtu ananijua,” akasema.

Hakusema zaidi. Ila siku hiyo hakugombeza kahawa.

Lakini huku nje minong’ono ilikuwa imefika barazani. Asbjørn Vedvik, mwenyekiti wetu wa wakati ule, ni mtu mwadilifu, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: usharika unamwajiri katekista ili afundishe, na huyu anakiri mbele ya watoto kwamba hajui. Ilipendekezwa Gudveig ahamishiwe kazi za ofisi. Yeye mwenyewe, alipopewa nafasi ya kujitetea kikaoni, alisema huenda Asbjørn yuko sahihi. Hilo lilituchanganya zaidi, kwa sababu tulikuwa tumejiandaa kumtetea.

Hapo Oddgeir, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa bila kualikwa na mtu, akasimama.

“Wiki ile ya kwanza walikuja kwangu watu wengi wenye majibu,” akasema. “Kila mmoja alikuja mara moja tu. Huyu asiyejua anakuja hadi leo.”

Akakaa. Asbjørn alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Baraza lilijadiliana muda mrefu, na mwishowe likaamua kwamba kwa kuwa halijaelewa kinachotokea, lisikiguse. Sijawahi kusikia uamuzi wa baraza uliofanana na huo, kabla wala baada.

Yaliyofuata ndiyo ambayo katika wasifu wa kawaida yangeitwa mafanikio. Kundi la Jumanne lilijaa hadi tukahamia ukumbi mkubwa. Baadhi ya waliotuhama walirudi. Vijana waliopata kipaimara mikononi mwake wanaporudi likizo kutoka Bergen na Trondheim huja kusoma, nao husema kwamba mengi waliyofundishwa kwingine yalivunjika walipopata pigo la kwanza, ila hili la kukaa na andiko hata lisipokujibu limewashika. Asbjørn naye huja tangu mkewe alipoanza kusahau majina ya watoto wao. Huketi karibu na Oddgeir. Oddgeir bado haimbi nyimbo. Msichana mmoja wa kipaimara alimwuliza juzi kama anaamini; akamjibu kwamba siku nyingine anaamini, siku nyingine haamini, lakini kusoma anasoma kila siku. Gudveig aliniambia baadaye kwamba angekuwa na jibu zuri kama hilo akiwa kijana, asingewasumbua watu wengi kama alivyowasumbua.

Je, na yeye? Nilimwuliza kama ng’ombe wamerudi zizini. Alicheka, akasema kuna asubuhi anasikia kitu kinapumua mle ndani. Nimeandika hivyohivyo alivyosema.

Tangazo la kumpata katekista mpya halijaleta mwombaji hata mmoja. Kwa hiyo baraza lilimwomba Gudveig ataje mtu wa kuliongoza kundi kwa sasa, naye akamtaja Oddgeir. Oddgeir alimfuata hadi kwenye baiskeli yake akiwa amefura, akamwambia haiwezekani, yeye hajui hata kama ni Mkristo wa kweli.

“Ndiyo maana nimekutaja,” Gudveig alimwambia, akapanda baiskeli akaenda zake.

Jumanne iliyopita Oddgeir aliongoza kwa mara ya kwanza. Tulisoma habari za Ibrahimu na Isaka kule mlimani, na mama mmoja kijana, mwanawe mchanga amelala mapajani, akauliza ni Mungu wa namna gani anayeweza kuomba kitu kama kile. Ukumbi mzima ukamgeukia Gudveig, kwa mazoea. Gudveig alikuwa anapaka jibini kwenye mkate na hakuinua macho. Oddgeir alikunja na kukunjua mikono yake mikubwa. Alitazama dirishani, akamtazama yule mtoto, akatutazama sisi.

“Hebu tuisome tena,” akasema. “Taratibu.”

Tukaisoma.

Gudveig, asante kwa kututoa kwenye majibu mepesi na kwa kukaa nasi huko ulikotufikisha. Nenda na amani ya Bwana, upumzike, uwe na afya na asubuhi njema nyingi.