Umeiona kwa Macho?

Wazee wetu, wajomba na mashangazi, majirani, na nyinyi wa reli mliokuja na sare zenu, kaka yangu mkubwa ndiye aliyepangiwa kusoma, lakini tangu asubuhi sauti imemgomea, kwa hiyo mtanivumilia mimi kitindamimba. Maisha ya mama yetu ndiyo haya, tumeyaandika watoto wake tukiwa tumekaa sakafuni chumbani kwake, tukibishana kila mstari, na ambacho hatukuwa na uhakika nacho tumekitoa, maana mwenyewe angekitoa.

Mama alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, zile za vyumba viwili zilizopeana mgongo nyuma ya karakana, mtoto wa tatu wa fundi mabehewa na mshona nguo. Babu alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa, alitazama watu kwanza, ila bibi, ambaye ndiye aliyekuwemo chumbani, alisema alilia kama watoto wote, na Mama alituambia tumwamini bibi.

Alianza shule mwaka 1965, ng'ambo ya reli, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975, na huko ndiko alikopewa kazi ya kusoma matokeo ya mechi mbele ya shule nzima, na siku timu yao ilipofungwa manne alisoma manne, ingawa mwalimu wa michezo alikuwa ameshamkonyeza aseme mawili.

Mwaka 1977 aliajiriwa stesheni kuu, akakata tiketi, na mwaka 1980 akapandishwa chumba cha matangazo, kile kidogo juu ya ngazi, chenye meza moja, maiki ya shingo ndefu, simu ya kuongea na stesheni nyingine, na dirisha linaloona majukwaa yote. Ratiba ilikuwa ukutani, lakini Mama hakutangaza treni kwa kusoma ukuta, alipiga simu kwanza stesheni ndogo iliyo kabla yetu na kumuuliza mtu wa kule, "Umeiona kwa macho, au umeambiwa?" Akijibiwa nimeambiwa, alikata simu akasubiri, na abiria akawaambia waziwazi kwamba treni imechelewa, itafika lini sijui, nikijua nitawaambia.

Mwanzoni walimtukana sana, kwamba analipwa kwa kutojua, na kuna siku waya wa simu ulikatika, akakaa na sijui yake mpaka treni ikachomoza pua jukwaani, nusu ya abiria wako ng'ambo wanakunywa chai, wakaachwa, wakamtukana mpaka bibi yake, naye akashuka ngazi akaomba radhi mmoja mmoja. Ila watu walimsoma taratibu, ikafika mahali akisema inakuja, mtu anaacha kikombe kikiwa nusu na fundi viatu anafunga boksi, akisema hajui, watu wanalalia mizigo yao na kusinzia bila wasiwasi, na jina la Mama Kwamacho walimpa wao, sio sisi.

Kuhusu ndoa, yule mtu wa stesheni ndogo, mwenye kazi ya kuinua na kushusha ishara za treni, aliulizwa swali lile kila siku kwa miaka miwili bila kumjua anayeuliza, mpaka siku moja akasema kwenye simu ileile ya kazi, stesheni zote zikisikiliza, kwamba anataka kumuoa. Mama akamuuliza kama kawaida, umeniona kwa macho, au umeambiwa? Jumapili iliyofuata jamaa alidandia behewa la mwisho la treni ya mizigo, akasimama chini ya dirisha, akatazama, akarudi kwake, akapiga simu akasema nimeona, tena nimeona vizuri. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983, wakajaliwa watoto wanne, kaka, dada wawili na mimi wa mwaka 1999, na huyo jamaa ndiye Baba, yuko pale mbele na koti lake la reli, na asiyeamini hadithi hii amuulize yeye.

Mwaka 2013 ziliwekwa skrini majukwaani, nzuri kweli, ila zilikuwa zinafuata ratiba, hazifuati treni, yaani treni ikiharibika njiani skrini inaendelea kuhesabu dakika, zikiisha inaifuta kama vile imefika na kuondoka, na watu wamebaki jukwaani wanatazamana. Bosi wake, ambaye yuko hapa na ameniruhusu nilisome hili, aliagiza sauti na skrini ziseme kitu kimoja, na sababu alikuwa nayo, kwani siku ziliposema tofauti watu walikimbizana kwenye ngazi na bibi mmoja akavunjika mkono. Mama alitii kwa namna yake, akawa anatangaza, "Skrini inasema treni inafika sasa hivi," na hayo maneno mawili ya mbele watu waliyaelewa, Bosi naye aliyaelewa akayaacha.

Mwezi wa Aprili 2016, asubuhi ya mvua, mimi nikiwa jukwaani na chaja zangu shingoni natafuta wateja, skrini iliandika treni ya abiria inawasili jukwaa namba moja, watu wakajaa mpaka mbele ya mstari wa njano, kila mtu anagombea mlango ambao haujafika, na mvua inapiga bati huwezi kusikia honi. Baba, aliyekuwa bado kazini kwenye stesheni ile ndogo, alikuwa amempigia Mama kumwambia kilichopita kwake ni treni ya mizigo, iko mbio, ya abiria hajaiona. Mama akawasha maiki, na safari hii hakusema skrini inasema.

"Skrini imekosea. Inayokuja ni ya mizigo, haisimami, imeonekana kwa macho. Rudini wote nyuma ya mstari."

Maandishi yalikuwa bado yanawaka juu ya vichwa vyetu, inawasili, inawasili, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, umati ule ulirudi nyuma kwa pamoja, kama shuka linavyovutwa kitandani, wenye watoto na wenye magunia, halafu lile dude likapita, behewa baada ya behewa, upepo ukanipeperushia chaja mgongoni, na lilipokwisha hakuna aliyepiga makofi, watu walinyanyua tu vichwa kutazama lile dirisha dogo. Hata mimi, niliyemjua kama mtu wa kunigombeza kwa viatu mlangoni, nilinyanyua kichwa nikatazama.

Baada ya hapo wakubwa waliamua kuleta mashine ya kutangaza yenyewe, wakaitaka sauti ya Mama, wamrekodi, abaki na chumba chake mpaka astaafu, akikataa anashushwa chumba cha vifurushi. Mama akamuuliza fundi kama mashine inaweza kusema sijui, fundi akacheka, akasema inasoma inachopewa. Nyumbani tulimsihi akubali, dada alilia, na jibu lake lilikuwa hili, "Watu wakisikia sauti yangu wanasogea. Siwezi kuiacha mahali ambapo mimi sipo." Akashuka kwenye vifurushi, abiria wakamfuata na maswali kwenye kidirisha cha huko, akastaafu Machi 2018, na ndiyo maana leo hatuna hata kipande cha sauti yake ya kazi cha kuwapigia hapa.

Alianza kuumwa mapafu Oktoba 2023. Daktari alipomweleza, Mama alimuuliza swali lake lilelile, daktari akageuza picha akamwonyesha doa kwa kidole, na alipoulizwa amebakiza muda gani akasema hajui, Mama akatuambia huyu ndiye wa kumwamini. Asubuhi ya tarehe 11 Juni 2024 hospitali ilimpigia kaka kwamba Mama ametutoka, shangazi akawa ameshashika simu awaarifu watu, Baba akamzuia kwa mkono, akamgeukia kaka, "Umeona kwa macho, au umeambiwa?" Kaka akasema nimeambiwa. Basi hakuna aliyelia wala aliyepiga simu, Baba akavaa koti lake, nikampeleka, akaingia peke yake, akakaa, akatoka, akanyoosha mgongo pale koridoni.

"Nimemuona," akasema. "Sasa tangazeni."

Tunamshukuru daktari na manesi wake, jirani yetu fundi cherehani aliyefua mashuka yetu bila kuombwa, wafanyakazi wa reli wote, na Bosi, aliyefika kabla ya ndugu wengine.

Nimeshauriwa nimalizie kwa kusema Mama yuko mahali pazuri, nami namwomba Mungu iwe hivyo, ila huko sijafika. Nilichokiona ni uso wake nilipoingia baada ya Baba, paji halina mkunjo, mdomo umetulia kama wa mtu aliyemaliza kusema na kuzima maiki. Pumzika kwa amani, Mama, hiyo amani nimeiona kwa macho.